Awike Asiwike: Utafiti Unaposema Vitu Viwili "Vinahusiana"

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi la familia saa tatu usiku. Ulikuwa wa dakika nne na ushei, umeshapitishwa kundi hadi kundi mpaka haijulikani nani aliuanzisha. Mwanamke mwenye sauti ya upole alisema watafiti wamethibitisha kwamba kijana anayeshinda na simu hupata huzuni maradufu kuliko mwenzake asiyekuwa nayo, kisha akawaasa wazazi waamke kabla mambo hayajaharibika. Kufikia alfajiri dada yangu alikuwa ameshaamka. Simu ya mwanawe, kijana wa miaka kumi na mitano, ilikuwa imefungiwa ndani ya kasha la marehemu mama pamoja na hati ya nyumba.

Alasiri habari hiyo ilishafika barazani kwetu Langoni, maana Lamu habari haihitaji simu. Kahawa tungu ikizunguka, kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema simu ni shetani. Mwingine alisema simu haina kosa, wazazi ndio wameacha malezi. Fundi mmoja wa mashua, mzee asiyependa maneno mengi, alitua kikombe akauliza: "Hao watafiti wamejuaje?"

Watu walicheka, wakidhani anafanya mzaha. Mimi naona ndilo swali pekee la maana lililoulizwa siku ile, na kwa kuwa adhana ya magharibi ililikatiza kabla ya kupata jibu, najaribu kulijibu hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Mara nyingi watafiti wa saikolojia wanaposema jambo fulani "linahusiana" na jingine, wanazungumzia kitu ambacho kitaalamu huitwa uwiano. Neno hili linachanganya, kwa sababu shuleni tulilijua kwenye hesabu za kugawana: mbili kwa tatu, vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji. Hapa maana yake ni nyingine. Ni vitu viwili vinavyobadilika vikiwa vimeandamana: kimoja kikizidi, kingine nacho huelekea kuzidi, au kimoja kikizidi, kingine huelekea kupungua. Basi. Ndani ya neno hilo hakuna zaidi ya hapo, na nusu ya fujo tunayoisikia inatokana na watu kulitwika mzigo lisioubeba.

Muuza mabarafu ya ukwaju anaujua uwiano bila kusoma takwimu. Joto likizidi, mabarafu yanakwisha kabla ya adhuhuri. Huo ni uwiano chanya. Mvuvi wa mashua ndogo anaujua wa aina ya pili: upepo wa kusi ukipamba moto kati ya Juni na Agosti, siku za kutoka nje ya mwamba zinakuwa za kuhesabu. Upepo juu, safari chini. Huo ni uwiano hasi. Neno "hasi" hapa halina ubaya wowote, kama "chanya" lisivyo na uzuri; ni mwelekeo tu. Niliwahi kumsikia mtangazaji wa redio akisoma kwa sauti ya msiba kwamba utafiti "umeonyesha uhusiano hasi", ilhali habari yenyewe ilikuwa njema: mazoezi yakizidi, wasiwasi hupungua.

Nguvu ya kuandamana huko hupimwa kwa tarakimu moja, isiyopanda juu ya 1 wala kushuka chini ya −1. Francis Galton, Mwingereza, alilitoa wazo hilo mwaka 1888 alipokuwa akilinganisha vipimo vya viungo vya watu, na Karl Pearson akalipa kanuni inayotumika hadi leo. Ikiwa 0, kila kitu kina njia yake. Ikiwa −1, ni kama ndoo mbili za kisima zilizofungwa ncha mbili za kamba moja inayopita kwenye kapi: hii ikipanda shibiri, ile inashuka shibiri. Kwa wanadamu hukutani na kamba iliyonyooka namna hiyo. Pearson na wenzake walipopima urefu wa akina baba na watoto wao wa kiume katika familia zaidi ya elfu moja, walipata karibu 0.5, na urefu ni kitu cha damu, kinachopimwa kwa futi. Saikolojia, inayopima hofu, furaha na uvumilivu, ikipata 0.3 hufurahi.

Gunia la mchele

Sasa turudi kwenye kasha. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichapisha uchambuzi wa takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani. Swali lao lilikuwa lile lile la dada yangu: kadiri kijana anavyozidi kutumia simu, kompyuta na televisheni, je, hali yake ya moyo inashuka?

Jibu lilikuwa ndiyo, inashuka. Uwiano ni hasi. Mwenye kutaka ujumbe wa sauti wa kutisha anaweza kuishia hapo na asiwe amesema uongo.

Lakini inashuka kwa kiasi gani? Matumizi ya vifaa hivyo yaliandamana, kwa kiwango cha juu kabisa, na asilimia 0.4 ya tofauti za hali ya moyo baina ya kijana na kijana. Tarakimu kama hiyo haishiki akilini, kwa hiyo chukua gunia la mchele la kilo 50. Mchele wote humo ndizo tofauti zenyewe: kwa nini huyu ni mchangamfu na yule kanuna, kwa nini huyu halali na yule anakoroma. Fungu linaloandamana na simu na wenzake ni gramu 200. Robo kilo haijatimia. Kwa mizani hiyo hiyo, fungu la urefu wa baba katika tofauti za urefu wa wana lingekuwa kama kilo kumi na mbili na nusu, maana fungu hupatikana kwa kuizidisha tarakimu ya uwiano kwa yenyewe: 0.5 mara 0.5 ni robo ya gunia. Mchele uliobaki kwenye gunia la huzuni ni mambo mengine kabisa, na katika takwimu hizo kuonewa na wenzao kuliandamana na hali mbaya ya moyo kwa nguvu nyingi kuliko vifaa.

Kisha watafiti wale wakafanya jambo lililonifurahisha. Waliuliza takwimu zile zile kuhusu mambo yasiyomtisha mtu. Kuvaa miwani kukaonekana kuandamana na hali mbaya ya moyo kuliko vifaa, na kula viazi mara kwa mara kukakaribiana navyo. Viazi! Hakuna aliyetuma ujumbe wa usiku kuhusu viazi vya karai vya Mkunguni.

Wapo wataalamu wanaolipinga hitimisho hilo, akiwamo Jean Twenge na Jonathan Haidt. Wanasema ukichanganya televisheni na mitandao ya kijamii, wavulana na wasichana, katika sufuria moja, unaficha madhara yanayowapata hasa wasichana walio mitandaoni. Ni hoja nzito na ubishi bado unaendelea. Ila hawabishani kama sisi barazani, simu ni shetani au si shetani. Wanabishania ukubwa wa fungu, na kipi kimetangulia.

Kipi kimetangulia. Hapo ndipo penye shughuli.

Wahenga wetu walishaiona: awike asiwike, kutakucha. Kila jogoo wa Lamu awikapo alfajiri, jua halikosi kutoka. Mgeni asiyejua lolote kuhusu jua, akikaa Langoni na daftari na saa kwa siku mia moja, atapata uwiano ambao hakuna mwanasaikolojia aliyewahi kuuota. Atahitimisha kwamba jogoo ndiye anayelipandisha jua, na atatusihi tusimchinje. Huwezi kumshinda mtu huyo kwa daftari jingine la siku mia mbili. Utamshinda kwa kumchinja jogoo, kula pilau, na kusubiri asubuhi. Kumbuka pilau hiyo, nitairudia.

Wakati mwingine vitu viwili huandamana kwa sababu kuna cha tatu kinachovivuta vyote. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, mabarafu yanauzika sana, na ni miezi hiyo hiyo watoto wanapochanika nyayo gatini kwa kurukaruka majini. Hakuna mzazi anayedhani barafu la ukwaju linachana mguu. Joto na likizo vimezaa yote mawili. Hapa ni rahisi kuona kwa sababu tunaishi ndani yake. Mwaka 2012 daktari mmoja, Franz Messerli, alichapisha kwenye jarida kubwa la tiba hesabu ya nchi 23: kadiri wananchi wanavyokula chokoleti nyingi, ndivyo nchi yao ilivyo na washindi wengi wa Nobeli kwa idadi ya watu. Uwiano wake ulikuwa 0.79. Nchi tajiri hununua chokoleti, na nchi tajiri hujenga maabara. Messerli aliandika kwa ucheshi, lakini magazeti kadhaa yalisahau kucheka.

Na wakati mwingine mshale tunaudhania kwenda mbele, kumbe unarudi nyuma. Chukua mzozo wa muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku na suala likafika mahakamani, sentensi iliyosikika kila kona ya Pwani ni kwamba vijana wengi walioharibikiwa akili ni watafunaji. Huenda ni kweli tupu. Lakini sentensi hiyo hiyo inaelezeka pia hivi: kijana ambaye usingizi ulimkimbia miezi sita iliyopita, asiye na raha, ndiye anayetafuta cha kushinda nacho. Au hivi: hana kazi, na kukosa kazi kumemletea mawazo na kijiwe kwa mpigo. Na yote yanaweza kuwa yanafanya kazi pamoja, moja likichochea jingine. Sisemi muguka ni peremende. Nasema anayehukumu kwa sentensi ile peke yake bado hajaleta ushahidi, hata kama hukumu yake itakuja kuonekana ilikuwa sahihi.

Vyumba vinne vya bundi

Kuna uwiano mwingine ambao haupo kabisa isipokuwa vichwani mwetu. Bundi akilia juu ya paa, tunaambiwa, nyumba hiyo ina msiba njiani. Nina shangazi anayeweza kukutajia visa vitatu, kwa majina na tarehe, na visa vyote ni vya kweli.

Chora mraba, uugawe vyumba vinne. Chumba cha kwanza: bundi alilia, mtu akafa. Cha pili: bundi alilia, hakufa mtu. Cha tatu: hakulia bundi, mtu akafa. Cha nne: hakulia, hakufa. Shangazi anaishi chumba cha kwanza, kaweka na mkeka. Nani aliwahi kukaa barazani akaanza, "Mwaka juzi bundi alilia usiku kucha kwa jirani, na hadi leo wote wazima"? Kisa hicho hakina msikilizaji. Wala hakuna anayesema, "Marehemu fulani alikufa na hakukulia bundi." Ili ujue kama bundi na mauti vinaandamana, vyumba vyote vinne lazima vihesabiwe, pamoja na kile cha nne chenye siku nyingi mno na kisicho na habari yoyote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwezi. Dunia nzima watu huamini kwamba mwezi huvuruga akili, na kwetu mtu akifanya vituko huulizwa kama ni mwezi mchanga. Mwaka 1985 James Rotton na Ivan Kelly walikusanya tafiti 37 kuhusu mwezi na vituko vya watu, wakakuta fungu linaloandamana na mwezi halifiki asilimia 1 ya tofauti za vituko hivyo.

Nilimchunguza dada yangu wiki ile, Mungu anisamehe. Kijana akinuna na simu mkononi: "Waona? Simu." Simu ilipokuwa kashani na kijana akanuna vile vile: "Ana njaa." Chumba cha kwanza, na mkeka wake.

Tiki ya Mkomani

Lakini fundi wa mashua aliuliza wamejuaje, na sehemu kubwa ya jibu ni kwamba waliuliza watu. Hojaji ndiyo jembe la kila siku la saikolojia: ni rahisi, inawafikia wengi, na majibu yake yanaingia kwenye kompyuta bila taabu. Niliwahi kulishika jembe hilo. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja wa afya uliniajiri wiki tatu kwenda mlango kwa mlango. Swali mojawapo lilikuwa hili: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umehisi huzuni, unyonge au kukata tamaa? Chini yake vijisanduku vinne: hata siku moja, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku.

Katika nyumba moja ya Mkomani nilimkuta mwanamke kijana amekaa dakani akichambua mchele, na mavyaa yake kando anapepea. Nikalisoma swali. Akajibu, "Alhamdulillahi." Nikalisoma tena, na vijisanduku vyake. "Tunamshukuru Mungu, kaka." Alhamdulillahi haina kijisanduku. Nikaweka tiki kwenye "hata siku moja", tukaendelea. Nilipofika maswali ya maji na choo, mavyaa aliingia ndani kutazama chungu. Mwanamke yule hakuinua uso kutoka kwenye ungo. Alisema chinichini, "Lile la huzuni, liandike upya."

Fomu ilikuwa ya wino, na tulikuwa tumeonywa tusizichafue. Nikamwambia sawa, na sikuliandika upya. Tiki ile imo ndani ya asilimia fulani, mahali fulani, hadi leo, na kila uwiano uliokokotolewa kutoka kwenye fomu zile umesimama juu yake na nyingine kama yake. Ndiyo maana mtu akinitajia tarakimu ya huzuni, kabla ya kuuliza imeandamana na nini, namuuliza: huyo aliyejibu alikuwa amekaa na nani?

Simu nayo haisalimiki. Ukimuuliza kijana anatumia saa ngapi kwa siku, atakutajia saa anazodhani unataka kuzisikia, au za siku anayoikumbuka.

Kwa sababu hiyo wapo watafiti wanaoacha kuuliza na kukaa kutazama. Mary Ainsworth alifanya hivyo hapa hapa Afrika Mashariki: kati ya 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 karibu na Kampala, nyumba kwa nyumba, kwa miezi, akitazama jinsi mtoto mchanga anavyomtambalia mama, anavyomwacha kidogo kwenda kuchungulia kitu, na anavyorudi mbio akiona mgeni. Mengi yanayofundishwa vyuoni leo kuhusu mtoto na mlezi yalianzia kwenye mikeka ile ya Uganda. Wengine humchunguza mtu mmoja tu, kama Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli Marekani ambaye mwaka 1848 chuma kilipenya shavu na kutokea utosini, akaishi hadi 1860. Kisa kama hicho hufungua macho, ila hakikwambii lolote kuhusu wastani.

Njia hizi zote zina ukomo mmoja. Zinamtazama jogoo akiwika. Hakuna iliyomchinja.

Kumchinja jogoo ndiko kuitwako jaribio: mtafiti mwenyewe anabadilisha kitu kimoja, akaacha mengine yalivyo, akangoja aone. Mfano ninaoupenda si wa maabara ya Ulaya, ni wa shule zetu za magharibi mwa Kenya, na waliofanya walikuwa wachumi, lakini somo ni lile lile. Michael Kremer, Paul Glewwe na wenzao walitaka kujua kama chati kubwa za kufunua, zenye michoro ya sayansi, hesabu na kadhalika, huwasaidia wanafunzi. Walipotazama takwimu zilizokuwapo, shule zenye chati zilionekana kuwa na alama za juu kwa kiasi cha kutosha kumshawishi waziri yeyote. Kisha wakachukua shule 178 za Busia na Teso, wakazigawa kwa bahati nasibu: nusu zipewe chati, nusu zisipewe. Hizi za pili ndizo huitwa kikundi linganishi.

Alama hazikutofautiana. Zile shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo hazikuwa bora kwa sababu ya chati. Zilikuwa na wazazi wanaochanga, au mwalimu mkuu mwenye bidii, na watu wa namna hiyo hununua chati. Matokeo hayo yalitoka kamili mwaka 2004. Kremer alishiriki tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kuieneza njia hiyo ya kujaribu.

Bahati nasibu ndiyo roho ya jambo. Wangeziachia shule zijichagulie, zingejitokeza zile zile za wazazi wanaochanga. Kura haijui nani ana bidii. Inawatawanya wenye bidii na wavivu, matajiri na maskini, pande zote mbili, hata yale mambo ambayo mtafiti hakuyafikiria, mradi idadi iwe kubwa.

Kwa nini basi kila jambo lisifanyiwe jaribio? Kwa sababu mengine huwezi. Huwezi kupiga kura watoto gani wapigwe nyumbani na wapi wasipigwe. Na hapa niseme na wale waliojifunza juzi kwamba "uwiano si sababu", wakaifanya rungu la kumpigia kila utafiti wasioupenda. Hakuna aliyewahi kuwagawa watu kwa kura, hawa wavute sigara miaka thelathini na hawa wasivute. Richard Doll na Austin Bradford Hill walitegemea uwiano: mwaka 1950 walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine, na kuanzia 1951 wakawafuatilia madaktari wa Uingereza wapatao 40,000. Ronald Fisher, mmoja wa vigogo wa takwimu na mvuta kiko, aliwapinga akisema huenda maumbile ya kuzaliwa yanaleta hamu ya sigara na saratani kwa pamoja. Kimantiki hakukosea. Lakini sigara zilipozidi saratani ilizidi, aliyeacha hatari yake ilipungua, na uvutaji siku zote ulitangulia ugonjwa kwa miaka. Ushahidi ukiandamana namna hiyo kutoka pande tofauti, anayeendelea kusema "ni uwiano tu" anajificha. Fisher, isisahaulike, alikuwa pia mshauri wa kulipwa wa wenye viwanda vya tumbaku.

Jambo moja zaidi, linalotuhusu sisi tulio mbali na Oxford. Huenda umeshawahi kusikia mahubiri ya harusini au semina ya wazazi kuhusu mtoto na peremende: akiweza kungoja dakika kumi na tano apewe ya pili, atafanikiwa maishani. Asili yake ni Walter Mischel wa Stanford na watoto wa shule ya chekechea ya chuoni hapo. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake waliirudia hesabu kwa watoto zaidi ya 900 wa familia mchanganyiko. Uwiano kati ya kungoja na mafanikio ya baadaye ukashuka nusu, na walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali, theluthi mbili zake zikayeyuka. Mwaka mmoja kabla, Bettina Lamm na wenzake walikuwa wamewalinganisha watoto wa Ujerumani na wa Wanso wa Kamerun, huku Wanso wakiwekewa andazi la kwao. Karibu saba katika kila kumi wa Kamerun walingoja. Wajerumani hawakufika watatu. Aliyesoma utafiti wa Stanford peke yake angedhani anawajua watoto wa dunia.

Dada yangu alinisikiliza yote haya akikuna nazi, kisha akauliza swali la mama: "Sasa nimrudishie au nisimrudishie?"

Nilimwambia vijana 350,000 hawamjui mwanawe. Wastani wao unasema kitu kuhusu gunia, hausemi punje hii imelalaje. Akitaka kujua la mwanawe, arushe shilingi. Kila jioni, sarafu ya shilingi kumi: akitoka simba, simu ibaki kashani, ikitoka ngao ya taifa, simu itoke hadi saa tatu. Kesho yake asubuhi kijana ajiandikie mwenyewe daftarini, kutoka moja hadi kumi, moyo wake ulivyoshinda. Akaniuliza shilingi ya nini, na yeye ana akili zake. Nikamwambia ndiyo maana. Akichagua mwenyewe atamnyima siku za utovu wa adabu, na siku hizo ameshanuna tayari. Nikamtajia na kasoro: ni mtoto mmoja, anajua kila siku yuko upande gani, na ana kila sababu ya kujiandikia mbili siku za simba.

Daftari lilianza Jumamosi. Simba. Jumapili simba, Jumatatu simba. Simba watatu mfululizo si ajabu, hutokea mara moja katika kila nane, lakini hesabu hiyo haikumgusa kijana. Jioni ya nne aliichukua sarafu akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akatuonyesha ngao ya taifa inavyoshikiliwa huku na huku na simba wawili.

"Pande zote simba," akasema. "Mwaniibia."

Mama yake akatafuta miwani, akaivaa, akaisogeza sarafu karibu na pua. Akaweka ukucha katikati ya ngao.

"Na huyu jogoo?"